Kipupwe cha Mashuka

Ukiwauliza watu wenye akili zao ni lini mgeni aitembelee nchi yao, watakujibu kiangazi, na wala hawatakuna kichwa. Kiangazi barabara zinapitika, nguo zinakauka, na nyumba za wageni zinajaa mpaka watu wanalazwa stoo. Katika mtaa mzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyeshikilia kwamba mgeni mwenye bahati ni yule anayekuja kipupwe, wakati mbingu imefunga, manyunyu hayakatiki, na soksi inakaa kambani mpaka inasahau ni ya nani. Mtu huyo alikuwa dobi. Sasa dobi gani anayesifia mawingu? Watu walisema ni uzee unaanza, wengine wakasema ni ujane, na wote walikuwa wanasema wasilolijua.

Walimwita Mama Buluu, kwa ile buluu aliyotia kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae. Alifua uani kwake pamoja na wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwenye mkono mzito kwenye pasi na mdomo mwepesi kwenye mambo mengine yote. Kazi yao kubwa ilikuwa mashuka ya nyumba ya wageni iliyoko mwisho wa barabara. Kwa mashuka hayo Mama Buluu aliyajua majira bila kutazama kalenda. Kiangazi yalikuja kwa marundo, yana mchanga kwenye pindo na mafuta ya watu wanaoogopa kuungua. Kipupwe yalikuja machache, yana mkunjo upande mmoja tu, wa mtu aliyelala peke yake akisikiliza bati.

Mwanawe wa pekee alikuwa nchi ya mbali yenye theluji, akitengeneza majokofu. Wifi hakuwahi kuchoka na jambo hilo. "Nchi yenyewe jokofu," alikuwa akisema, "sasa hayo mengine wanawekea nini?" Utotoni kijana huyo aling'ang'ania gauni la mama yake kutwa nzima, wakambandika jina la Kibanio. Basi dunia ilivyo na visa, kibanio ndicho kilichopeperushwa na upepo, nguo ikabaki kambani.

Kila Jumapili alipiga simu.

"Mama, nije lini?"

"Njoo kipupwe, baba."

"Kipupwe chenu huku ndio joto, mama. Kila jokofu la mji linaharibika kwa pamoja, tajiri hawezi kuniachia hata nikimpigia magoti. Mimi likizo napata wakati wa baridi, na wakati huo huko kwenu ni jua safi."

"Jua si safi."

"Tangu lini dobi akasema jua si safi?"

Mama Buluu alicheka, akamuuliza amekula nini, na habari ya safari ikaishia hapo. Kipupwe kilipita bila Kibanio. Kingine kikaja, kikapita, naye alikuwa chini ya jokofu la mtu mwingine.

Jambo lenyewe lilikuwa macho, naye hakuwa amemwambia mtu.

Lilianza na mashuka. Siku moja alianika shuka, akageuka kuchukua kibanio, na alipogeuka tena shuka halikuwepo, kamba haikuwepo, ukuta wa jirani haukuwepo. Palikuwa na weupe mtupu, unawaka kila upande. Alisimama pale na kibanio mkononi, akingoja dunia irudi, na dunia ilirudi ikiwa na madoa. Daktari wa macho alimmulika, kisha akamwambia ugonjwa uko nyuma kabisa ya jicho, mahali ambapo kisu hakifiki na miwani haisaidii. Utazidi polepole. Vipupwe viwili vinavyokuja ataona. Kile cha baada yake, labda. Zaidi ya hapo asimwahidi mtu kitu.

Na ugonjwa ule ulikuwa na ukaidi wake. Jua likimchoma asubuhi, basi siku ile imekwisha: hata akikimbilia ndani, jioni inamkuta na madoa yaleyale yanaelea, na taa ya umeme inampa pete za rangi mahali pa sura za watu. Gizani nako haoni, kama binadamu wengine. Alichokitaka ni mwanga mwingi usio na makali, na mwanga wa namna hiyo kiangazi hakuna. Kibanio alituma picha kwenye simu, lakini kioo cha simu kilimwakia usoni, akaona doa tu. "Umependeza, baba," alimwambia. Kwa kweli asingejua kama ni mwanawe au ni jokofu.

Ila kipupwe kilipofika, eh, kipupwe. Aliamka akasikia manyunyu juu ya bati, akafungua mlango, na uani palikuwa pamerudi. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kimetulia, hakina mng'ao wala kelele. Aliona konokono akipanda kwenye karai. Aliona uzi uliofumuka kwenye foronya iliyokuwa upande wa pili wa ua, na kucha za wifi yake, na kwamba wifi yake alikuwa ameanza kuota mvi kwenye nyusi. Alizunguka mtaani taratibu, anagusa kuta, anasoma maandishi ya dukani kwa sauti, anasalimia watu kwa majina yao kabla hawajasema kitu. Siku za namna hiyo alitembea nchi yake mwenyewe kama mgeni aliyelipia safari. Ndiyo maana alipoulizwa nchi hii itembelewe lini, alijibu kwa uhakika. Yeye mwenyewe aliitembelea kipupwe.

Na humo ndimo alimotaka mwanawe aje. Hakutaka kingine. Alitaka amwone uso mara moja, ukiwa uso wa mtu mzima, maana aliyeondoka alikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajadiliana kama ziote au zisiote. Sauti ya mtu mzima alikuwa nayo kila Jumapili, lakini sauti ile alikuwa akiivika uso wa mtoto, na ilikuwa haimkai.

Kwa nini asimwambie? Mama Buluu alijibu swali hilo mwenyewe, akisugua pindo la shuka. Akijua, ataacha kazi aje kesho, na akija atakuwa amekuja kumtazama mgonjwa. Mimi nataka aje kumtazama mama yake. Alivaa kofia pana, akajifunza kuanika kwa kupapasa, na pale alipokosea alimsingizia wifi. Wanasema macho hayana pazia. Ya kwake yalikuwa yanaliomba usiku na mchana.

Wifi aliona kofia, akaona foronya zimekunjwa pamoja na taulo, akaona jinsi wifi yake anavyokataa jua kama mtu anayedaiwa nalo. Alijumlisha, akapata jibu lisilo sahihi. Alidhani Mama Buluu hataki mwanawe aje.

"Anaogopa," aliwaambia majirani. "Mtoto akija ataondoka tena, na yeye hawezi kuagana mara mbili. Hiyo ya kipupwe ni danadana tu. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone."

Basi Jumapili moja Mama Buluu akiwa anaoga, simu ikalia, na wifi akaipokea.

"Shangazi, mama hajambo? Mwambie mwaka huu tena kipupwe sitapata ruhusa."

"Achana na kipupwe, baba," wifi akasema, akishusha sauti. "Njoo kwenye likizo yako. Njoo kiangazi, wakati nchi inapendeza. Jua la kutosha, barabara kavu, mama yako ataamka siku moja akukute mlangoni, hayo mawingu yake atayasahau. Usimwambie."

Alimpenda wifi yake, hilo lieleweke. Lakini alikuwa dobi tangu usichana, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona jambo jema likifanyika siku isiyo na jua.

Upo mchezo ambao Kibanio na mama yake waliucheza zamani, kati ya kamba za nguo. Mashuka yakishaanikwa, kila nafasi kati ya shuka na shuka ilikuwa nchi. Mama alikuwa mwenyeji wa nchi zote, na mtoto alikuwa msafiri. Alisimama nje ya shuka akabisha, "Hodi nchi hii." Mama akajibu, "Karibu. Umekuja majira gani?" Naye lazima ayataje majira kabla hajaruhusiwa kuingia, na majira yale aliyatunga mwenyewe: majira ya sabuni, majira ya upepo unaotoka kwa jirani, majira ambayo wazee wanalala na watoto hawaoshwi miguu. Mama aliyakubali yote. Mle ndani kati ya mashuka mwanga ulikuwa laini kama maziwa, na walikaa humo chini wakila karanga, mpaka wifi aje kuwakumbusha kwamba pasi imepoa.

Siku ile ya kiangazi ilikuwa ya mashuka mengi. Nyumba ya wageni ilikuwa imejaa, kamba zote zilikuwa zimebeba, na jua la adhuhuri lilikuwa limesimama katikati ya ua halina haraka ya kwenda popote. Mama Buluu alikuwa kati ya kamba, kofia imeshuka mpaka kwenye pua, macho yamefumbwa, anabana kwa vidole. Akasikia begi likitua chini.

"Hodi nchi hii."

Kibanio kikamponyoka mkononi. Alitembea moja kwa moja kuelekea kwenye sauti, akapita katikati ya shuka bila kulisogeza, likamfunika kichwa, likamvua kofia, akatoka upande wa pili akiwa kichwa wazi, na mwanawe akamdaka. Mabega yalikuwa mapana. Shati lilikuwa na harufu ya ndege na ya sabuni ngeni. Mama Buluu aliinua uso ili amwone, na jua lote la kiangazi likaingia machoni mwake kwa mara moja. Mahali pa uso wa mwanawe palikuwa na weupe unaotetemeka, una kingo nyeusi.

Alifumba, akafumbua. Ni ule ule. Hapo akaanza kulia, na wifi aliyekuwa kwenye pasi alikuja mbio akicheka, maana alidhani ni furaha.

"Nilikwambia kipupwe," Mama Buluu alisema. "Kila Jumapili nilikwambia. Kwani nilisema kwa lugha gani?"

"Mama, nilitaka nikufurahishe."

"Sikuoni. Umesimama mbele yangu na sikuoni."

Akawaambia yote, amekaa juu ya karai lililopinduliwa, kiganja kimefunika macho. Daktari, weupe, kipupwe cha labda. Hakuwa anawalaumu tena, alikuwa amechoka tu kulibeba jambo lile peke yake. Kibanio alichukua mkono wake ili auweke kwenye shavu lake, naye akauvuta.

"Sitaki kukupapasa," akasema. "Wewe si embe sokoni. Kupapasa nitapapasa baadaye, muda upo. Nilitaka kukuona."

Wifi akasema, "Mimi nilidhani jua, wifi. Nilitaka mpate siku nzuri. Sijui siku nzuri nyingine."

"Najua," Mama Buluu akajibu. "Ndiyo kazi yetu."

Kibanio alikuwa na ruhusa ya wiki moja, na mawingu yalikuwa mbali, ng'ambo ya miezi. Mtu mwingine angelia naye. Yeye alichuchumaa mbele ya mama yake akaanza kuuliza maswali, sauti imekuwa ya fundi aliyeitwa kwenye jokofu lililokufa. Ukikaa bila jua, yanarudi lini? Kesho asubuhi, kama sitafungua hata kidogo. Na yakirudi yanataka nini? Mwanga mwingi, usio mkali, kila upande sawasawa. Ukiwa upande mmoja tu? Hapo hapana, dirisha linaniumiza. Kibanio akatazama kamba, akatazama juu.

"Mama," akasema, "mimi kazi yangu ni kutia baridi mahali ambapo hakuna baridi. Kipupwe nacho kitatengenezeka. Shangazi, haya mashuka wanayataka lini?"

"Kesho saa sita," wifi akasema. "Lakini yana wenyewe, baba."

"Wenyewe watayalalia kesho usiku. Asubuhi ni yetu."

Walimfunga Mama Buluu kitambaa cheusi machoni, wakamlaza chumbani, wakashusha na blanketi dirishani. Akalala chali akisikiliza. Mwanzoni alisikia kamba zikikazwa, ngazi ikiburutwa, wifi akitoa amri na Kibanio akizikataa. "Hapo utapasua shuka la watu." "Shangazi, wewe nipe vibanio." Kisha sauti zikalainika, zikaenda mbali, na mle gizani majira yakaanza kupita uani moja baada ya jingine. Masika yalikuja na miguu yenye matope, hayakubisha hodi. Kiangazi kilikaa juu ya ukuta kikining'iniza miguu. Marehemu mume wake alipita akiwa na mwavuli, akamwuliza kama chai ipo, naye akamwambia ipo, na hilo halikumshangaza hata kidogo. Theluji ilishuka juu ya mashuka, nyeupe juu ya nyeupe, naye aliitia buluu ili ing'ae. Mtoto alikuwa akibisha kwenye kila shuka, na kila alipofungua alikuta shuka jingine. Alilala hivyo, na kitambaa hakikutoka.

Kulipokucha wifi alimshika mkono akamtoa nje. Chini palikuwa pamemwagiwa maji, na ile harufu ya vumbi lililolowa ilimpanda puani, harufu ya manyunyu ya kwanza. "Hiyo ni yangu," wifi akamnong'oneza. "Mwanao anajua mwanga, hajui harufu." Kisha akamwachia mkono.

Mbele yake nguo ilimgusa. Akajua amesimama wapi, na kwamba safari hii yeye ndiye msafiri.

"Hodi nchi hii," akasema.

"Karibu, mama. Umekuja majira gani?"

"Kipupwe," akasema, akainua shuka akaingia, akafungua kitambaa.

Hakufungua macho haraka. Alifungua kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Mwanga uliingia na haukumuuma. Juu, kamba kwa kamba, walikuwa wametandika mashuka ya nyumba ya wageni mawili mawili, upande wa mashariki matatu, na pembeni yameshuka mpaka chini. Jua lilikuwa huko nje likipiga, na likifika ndani lilikuwa limeshachoka. Ulikuwa mwanga wa kijivu, mpole, umeenea kila mahali. Hakukuwa na kivuli hata kimoja. Kwanza aliona udongo uliolowa. Akaona viatu vikubwa, vya nchi ya baridi, vimefungwa kamba hovyo kama alivyozifunga tangu shule. Akaona mikono, ina makovu madogo ya kuungua kwenye vidole. Akapanda taratibu, shati, ukosi, koo. Aliogopa kidogo. Kisha akafika usoni.

Ndevu zilikuwa zimeamua kuota. Pua ilikuwa ya marehemu baba yake, iliyolala upande kidogo, na hakuna sauti ya simu iliyowahi kumwambia hivyo. Kulikuwa na mvi mbili tatu kidevuni, mapema mno. Na chini ya macho ngozi ilikuwa nyeusi na imeshuka, na mashavu yalikuwa yameingia ndani, na mdomo, hata ulipotabasamu, ulikuwa mdomo wa mtu ambaye kwa muda mrefu hakuwa na wa kula naye.

"Unaniona, mama?" Kibanio akasema. "Mimi niko salama, unavyoniona. Kazi nzuri, watu wazuri, chumba kina joto. Nakula vizuri. Wala usiwe na..."

Ilikuwa ni ile sauti ya Jumapili, nyepesi, yenye kicheko ndani yake. Miaka yote aliiamini. Sasa aliisikiliza akiutazama uso uliokuwa ukiitoa, na vitu viwili hivyo havikuwa vinafahamiana.

"Umechoka, mwanangu," akasema.

"Hapana, mama, ni safari tu, mimi huko..."

"Nyamaza, baba." Alimsogelea, karibu kabisa, mikono nyuma, asimguse. "Sauti nitakuwa nayo siku zote. Nyamaza nikutazame."

Kibanio akanyamaza. Tabasamu lilikaa kidogo, likatetemeka, kisha likaondoka, na uso ukabaki ulivyo. Mama Buluu akautazama. Nje jua lilikuwa linapanda, upande wa mashariki palianza kung'aa, na wifi, bila kuambiwa na mtu, akapanda ngazi na vibanio mdomoni, akaongeza shuka jingine.